Una Mtu Pale?



Kila mwaka tarehe 1 Desemba uvuvi hufungwa upande wa Zambia, nasi tunaokaa kando ya ziwa Mweru huhesabu siku mpaka mwisho wa Februari. Pale Kashikishi mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hukunjwa, na akina mama wanaouza chisense, wale dagaa wetu, hubaki na magunia matupu. Vijana wa kupakia malori ya Mansa na ya Copperbelt, mafundi wa kushona nyavu, wabeba maji na kuni, wote hao kazi hukatika siku moja. Ndipo safari zinapoanza. Huyu anakwenda kwenye mashamba ya chai Kawambwa, huyu amesikia kuna barabara inajengwa, huyu anapanda lori kwenda Kitwe kwa shemeji yake.

Na kila mwenye kuaga huulizwa swali moja, kwa Kibemba au kwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa: "Una mtu pale?"

Tunataka kulizungumza swali hilo. Katika mikutano ya matawi vijana hutuuliza, je, mtu afanye nini ili mwenye kuajiri amwone vizuri siku ya kwanza? Amtafute nani? Aseme nini? Baadhi ya wazee wa chama hukasirika wakisikia maswali hayo. Husema kazi ya chama ni kumtetea aliyekwisha kuajiriwa, si kumfundisha mtu kumchekea meneja. Sisi hatukubaliani nao. Jinsi mtu anavyoingia kazini ndivyo atakavyokaa humo. Aliyenunua nafasi ataogopa mwaka mzima, hata akikatwa mshahara atanyamaza. Aliyeingia kwa jina lake mwenyewe anaweza kunyosha mkono katika mkutano na kusema.

Kuingia kazini kwa kusemewa na mtu mwingine si jambo la juzi huku kwetu. Kabla ya vita vya kwanza vya dunia kampuni ya Robert Williams ilikuwa ikiandikisha wanaume wa Luapula kwa ajili ya migodi ya shaba ya Katanga. Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na watu wa kuchimba walitakiwa kwa wingi. Kuandikisha huko kuliendelea mpaka dhiki ya uchumi ya mwanzoni mwa miaka ya 1930. Babu zetu walivuka mto kwa makundi, na waliorudi walirudi na blanketi, na Kiswahili cha kazi vinywani mwao. Lakini hakuna aliyekwenda mwenyewe kuonana na mzungu wa mgodi. Alisemewa na aliyemwandikisha, na huko mgodini akasemewa na kapita wa genge lake. Neno la kapita ndilo lililokuwa jina lake.

Kule Kenya aliyemsemea mtu ilikuwa karatasi. Baada ya vita hiyo hiyo wanaume walitiwa kipande shingoni, ndani ya kibati, na humo tajiri aliandika kazi, mshahara na tarehe ya kuachishwa. Tajiri asipotia sahihi, mtu alikuwa hawezi kuajiriwa mahali pengine kwa halali. Kipande kilichukiwa na kupigwa vita miaka mingi mpaka sheria ikabadilishwa mwaka 1947. Na bandarini Mombasa makuli waliajiriwa kwa siku, asubuhi, na serangi akachagua wa genge lake kwa macho. Anayempenda anaitwa, asiyempenda anarudi nyumbani na njaa yake. Ilihitaji migomo, ule wa 1939 na ule mkubwa wa Januari 1947, na miaka mingine mingi baadaye, ndipo majina yakawekwa kwenye orodha na vibarua wa siku wakaanza kupunguzwa.

Tumekumbusha hayo kwa sababu moja. Mtu wa kukusemea amekuwako siku zote. Ugomvi wetu ni juu ya nani anashika neno hilo, na analiuza au haliuzi.

MTU WA KWELI NI NANI?

Wengi wakisikia "una mtu" hufikiri mjomba aliye ofisini, mwenye tai. Sisi tumeona mara nyingi kwamba mjomba wa ofisini hana msaada mkubwa. Anaogopa. Akileta ndugu watatu, wa nne atafukuzwa naye. Mtu mwenye nguvu zaidi ni yule aliyefanya kazi bega kwa bega nawe na sasa yuko ndani: dereva wa trekta, mpima majani ya chai, karani wa ghala. Msimamizi akitaka watu kumi kesho, hamwulizi meneja. Anamgeukia mfanyakazi anayemwamini na kusema, "Nani unamjua anayeweza kazi, asiyenisumbua?" Jina litakalotajwa dakika hiyo ndilo litakaloandikwa.

Basi jina lako linatajwaje dakika hiyo? Si kwa kumzungukia mtu wiki ile ya shida na kumnunulia bia. Linatajwa kwa mambo uliyofanya wakati hukuwa ukiomba kitu. Kijana anayepakia samaki Kashikishi na kufika saa kumi na moja alfajiri kila siku lori linapoondoka, dereva wa lori anamjua. Dereva huyo analala Mansa, analala Ndola, anazungumza na wenye maghala. Mwanamke anayechukua chisense kwa mkopo na kurudisha fedha siku aliyosema, jina lake linavuka soko zima. Kwaya ya kanisa, timu ya mpira, matanga, hapo pote watu wanakutazama bila kukuambia. Aliyebaki kuosha masufuria baada ya mazishi anakumbukwa, na aliyekula akaondoka anakumbukwa pia.

Kwa hiyo msiwasahau watu mnaoachana nao. Mvuvi akimaliza msimu na mwenye nyavu, hata kama wamekorofishana juu ya mgawo wa samaki, yafaa wamalizane vizuri na kuagana. Mwenye nyavu huyo anaweza kukuandikia mistari minne, nayo ni mali. Tumeona barua nyingi zisizo na faida, zinasema tu "huyu ni kijana mzuri, anamcha Mungu." Mwenye kuajiri hajui afanye nini na barua hiyo. Aandike umefanya kazi gani kwake, tangu mwezi gani mpaka mwezi gani, kwa nini umeondoka, na namba ya simu yake ili aulizwe. Basi, inatosha.

Na juu ya simu, neno moja. Afisa utumishi mmoja alitwambia kwamba katika majina ishirini aliyopewa, nusu hayakupatikana kwa kuwa laini zimebadilishwa. Watu walikosa kazi kwa sababu ya kutupa laini na kununua nyingine. Shika namba moja. Kama huna simu, andika ya jirani unayemwamini, na umwambie jirani huyo.

SIKU YA KWENDA

Mwenye kuajiri wa kwanza ni mlinzi wa getini. Vijana wengi hawalijui hilo. Wanampita mlinzi kama gogo, wakitafuta bwana mkubwa, na jioni bwana mkubwa anamwuliza mlinzi, "Wale wa asubuhi walikuwaje?" Mlinzi ana macho na ana kinywa. Mwamkie. Huku kwetu Luapula watu huamkiana kwa Kibemba, na mtu aliyetoka Pweto au Kilwa ya Kongo, au Kigoma, hata kama Kibemba chake ni cha kuokota, aseme "Mwapoleni mukwai" na kuinama kidogo kabla ya kuanza Kiswahili au Kiingereza. Hapo hujajidhalilisha. Umebisha hodi nyumbani kwa watu, na watu wanaona.

Fika mapema, lakini usifike na kundi la watu kumi wanaopiga kelele. Usifike umekunywa, wala usitafune kitu ukizungumza. Shati liwe limefuliwa, hata kama lina kiraka. Suti ya kuazima tunaikataza kabisa kwa anayeomba kazi ya shamba, maana msimamizi ataitazama na kujiuliza kama mtu huyu atakubali kuinama juu ya majani. Chukua kadi yako ya NRC yenyewe, si picha yake tu, na vyeti kama unavyo, ndani ya mfuko wa plastiki, kwani Desemba ni mvua.

Akikuuliza umejua wapi kwamba kuna kazi, mtaje aliyekuleta, lakini mtaje kwa ruhusa yake. Ni vibaya kutumia jina la mtu ambaye hajakutuma. Sema, "Ba tata fulani wa ghala ameniambia mnatafuta watu wa kupalilia. Nimelima mihogo tangu utoto, na mwaka jana nilipakia malori miezi saba." Yatosha. Halafu nyamaza umsikilize.

Na useme kweli. Tunamkumbuka kijana mmoja aliyesema anaendesha trekta. Aliwahi kukaa juu ya trekta, hilo ni kweli. Akapewa ufunguo. Trekta lilikwenda mbele vizuri sana mpaka kwenye nguzo ya ghala la mbolea. Watu walicheka, lakini aliyemsemea hakucheka. Mzee huyo alikuwa na miaka kumi na minne shambani hapo, na tangu siku ile neno lake halikuombwa tena. Kijana angesema, "Trekta sijui, ila nataka kujifunza, nianze na kusafisha mashine," pengine leo angekuwa dereva.

Kuuliza mshahara si utovu wa adabu. Wengi hunyamaza wakidhani watachukiwa, kisha mwisho wa mwezi wanalia. Subiri mpaka umeambiwa kwamba unachukuliwa, ndipo uulize kwa sauti ya kawaida: mshahara ni kiasi gani, unalipwa siku gani, kazi ni ya muda gani, na kama nitaandikiwa mkataba. Sheria ya ajira ya Zambia, Namba 3 ya mwaka 2019, inataka mkataba wa miezi sita au zaidi uwe wa maandishi, na muda wa majaribio usizidi miezi mitatu kabla haujaongezwa. Sheria hiyo hiyo inakataza mtu kubaguliwa kwa kabila lake, mahali alikotoka, lugha yake, dini yake, au kwa kuwa ni mwanamke au ni mja mzito. Mwajiri mwaminifu hatashtuka kuulizwa. Akishtuka, nawe umekwisha kumwona siku ya kwanza, kama yeye alivyokuona.

WANAOUZA MLANGO

Sasa tuje kwenye uchungu wenyewe. Wako wasimamizi wa magenge, makapitao kama tunavyowaita huku, wanaouza kazi. Jina la shamba tunaliacha, lakini kisa tunakijua vizuri kwa kuwa kijana huyo alikuja kwetu akiwa amechelewa. Uvuvi ulipofungwa aliuza wavu mmoja mzima, akampa kapitao kwacha 400 za "chai." Siku ya pili akaandikwa. Wiki ya tatu akaambiwa kazi imepungua. Jumatatu iliyofuata pale pale pake aliingia kijana mwingine, naye ametoa chai.

Tazameni hesabu hiyo, ndugu. Anayeuza kazi hapendi mtu akae. Akikaa mwaka mzima, biashara imelala. Faida yake ni kazi fupi, inayouzwa tena na tena. Kwa hiyo anayenunua kazi hanunui kazi, anakodi wiki tatu kwa wavu wake. Mvua ilipokwisha na ziwa kufunguliwa, kijana yule hakuwa na wavu. Alikwenda kuvua kwa mtu mwingine, kwa mgawo mdogo.

Kwa wanawake mambo ni mabaya zaidi, maana wao huombwa kitu kisicho fedha. Wengi hawasemi kwa aibu, na aibu hiyo ni ya mwombaji, si yao. Dada anayeambiwa arudi jioni "kuzungumzia kazi" asirudi. Arudi mchana pamoja na mama mwingine, aje tawini atuambie, na tutakwenda naye. Tumekwenda hivyo mara mbili. Mara moja kapitao aliondolewa. Mara ya pili hakuondolewa, nasi tunakiri kwamba tulishindwa kwa kukosa shahidi.

Wapo pia ndugu zetu wa Mantapala, kambi iliyofunguliwa hapa wilayani Nchelenge mwanzoni mwa mwaka 2018 kwa watu waliokimbia vita kule Kongo. Hao hawana mjomba, hawana mwenye nyavu, na wanaowajua wako ng'ambo au wamekufa. Mkimbizi anahitaji kibali ndipo aajiriwe kwa halali, na asiyekuwa nacho ndiye chakula cha kapitao, maana hawezi kwenda kushtaki. Wenyeji wengine husema hao wanashusha mishahara. Sisi twasema anayeshusha mshahara ni anayelipa. Fundi wa seremala aliyefanya kazi Pweto miaka ishirini ni fundi, na wanachama wetu wanaozungumza Kiswahili ndio wanaoweza kumsikiliza, kuuona mkono wake, na kumsaidia kufuata kibali bomani kabla hajapelekwa getini.

Nasi tusijifanye watakatifu. Miaka kadhaa iliyopita meneja wa shamba jingine alituomba majina sita ya watu wa kuaminika. Ilikuwa heshima kubwa kwa tawi. Tulikaa jioni moja, na badala ya kuuliza nani anaweza kazi, tuliuliza nani ni wa nani. Jina la kwanza lilikuwa la mtoto wa mwenzetu mmoja wa halmashauri. Binti wa mjane mmoja, aliyekuwa akichuma chai tangu anasoma, akawa wa saba. Mtoto wa mwenzetu alifanya kazi siku nne, akaonekana siku ya tisa, ananuka pombe. Meneja hakutukana. Alisema tu, "Nilidhani chama kinawajua watu." Mwaka uliofuata hakutuuliza, aliwauliza makapitao. Yule binti alikwenda Copperbelt, na mama yake tukikutana naye sokoni huitikia salamu na kupita.

Tangu hapo tawi lina daftari. Anayetafuta kazi anaandikwa jina, anapokaa, namba ya simu, kazi aliyokwisha fanya, na majina ya watu wawili walioona kazi hiyo kwa macho yao, na ndugu wa damu hahesabiwi. Tunawauliza hao wawili sisi wenyewe. Meneja akitaka watu, orodha inatolewa kwa kufuata nani aliandikwa kwanza kati ya wanaoijua kazi hiyo, na mwenye mtoto katika orodha hutoka nje wakati wa kuamua. Meneja halazimiki kuipokea. Lakini mwenye majani yanayokomaa shambani anapenda watu watakaorudi kesho, na msimu uliopita wawili waliipokea, mmoja kwa majina kumi na moja. Mpaka mwezi wa Juni tisa kati yao walikuwa bado kazini, na saba wamejiunga na chama kwa hiari yao. Makapitao hawafurahi. Mmoja alisema tunamharibia chakula.

Ada ya kuandikwa hakuna, wala soda. Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake Namba 181 wa mwaka 1997, lilisema wakala wa kazi asimtoze mfanyakazi, sasa chama cha wafanyakazi kitamtozaje? Mtu yeyote wa tawi akiomba hata kwacha 5 kwa ajili ya daftari, tuleteeni jina lake.

Daftari litafunguliwa tena wiki ya kwanza ya Desemba, siku ya Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi, pale tunapokutania siku zote nyuma ya soko. Njoo na kadi yako. Walioandikwa mwaka jana na hawakupata wanabaki mbele, ila waje waseme kama namba ya simu ni ile ile. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, kwa Kibemba au kwa Kiswahili, nasi tutaandika kama alivyosema na kumsomea.